Herufi M Niliyoinyoosha

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye pale kwenye chai ananiuliza swali lile lile: "Fundi, ulipotelea wapi siku nne?" Nimeeleza mara tano, na kila mara nimesahau jambo fulani. Kwa hiyo nimeamua kuandika yote mara moja, kwa mpangilio, ili anayetaka kujua asome na mimi nirudi kazini.

Kwa asiyenijua, mimi hutengeneza mashine za kupiga chapa mjini Eldoret. Sikufunzwa na mtu. Shule niliachia darasa la saba, na kazi hii niliipata kwa kufungua mashine mbovu na kuzifunga tena mpaka zikakubali. Kiswahili cha kuandika nacho nilijifunza mwenyewe, kutoka kitabu kimoja kisicho na jalada nilichokikuta kwenye stoo nilikofanya kazi ujanani. Ilinichukua miaka miwili kujua aliyekiandika. Ni yule mwandishi wa milima ya Taita ambaye kila mtu, hata waliomzidi umri, alimwita Mwalimu. Alifariki miaka mitatu iliyopita. Bintiye, Mghoi, ameihifadhi nyumba yake ya shamba karibu na Wundanyi iwe makumbusho. Watu huenda kuona meza yake, vitabu vyake na mashine yake.

Mwezi wa tatu mashine hiyo ililetwa kwangu. Mafundi tumebaki wachache, na lori la ukoo wao lilikuwa linakuja Eldoret kuchukua mahindi. Dereva, mwanamume mrefu mwenye pengo la jino la mbele, aliiweka mezani ikiwa imefungwa kwa blanketi. Kamba inayovuta sehemu ya kubebea karatasi ilikuwa imekatika. Mghoi aliniambia kwa simu kwamba ilikatika wiki ile ile baba yake alipolazwa, na tangu hapo haikuandika tena. Nikaweka kamba mpya, nikasafisha, nikabadilisha utepe. Halafu nikaona herufi m imeinama kushoto na kupanda kidogo juu ya mstari. Hilo sikuwa nimeombwa. Nikachukua koleo langu dogo nikainyoosha, zawadi yangu kwa mtu aliyenifundisha kusoma. Nilifurahi siku nzima.

Jumatano ya wiki juzi Mghoi akapiga simu.

"Fundi, umeifanya nini m ya baba?"

"Niliinyoosha, dada. Ilikuwa imeinama."

Nilimsikia akivuta kiti, akaketi.

"Ilikuwa imeinama miaka thelathini," akasema.

Ndipo akanieleza. Mwalimu aliacha barua ya kurasa mbili, iliyopigwa chapa, inayosema nyumba isiuzwe wala kugawanywa, ibaki wazi kwa wasomaji. Binamu yake Mghoi anataka igeuzwe gesti, na anasema barua ile Mghoi aliitunga na kuichapisha mjini baada ya mazishi. Ukoo ukapanga kikao Ijumaa saa tisa alasiri, na pande zote mbili zikakubaliana kwamba barua ilinganishwe na maandishi ya mashine ya Mwalimu. Yakifanana, binamu atanyamaza. Yasipofanana, makumbusho yatafungwa. Ushahidi mwingine hakuna. Vitabu vyake Mwalimu aliviandika kwa kalamu, na mashine aliitumia kwa barua tu, ambazo zilikwenda kwa wenyewe. Zile alizomwandikia Mghoi shuleni binamu alikwisha kuzikataa, kwa kuwa zinatoka mikononi mwa mtu yule yule anayetuhumiwa.

Barua ina m zilizoinama. Mashine sasa ilikuwa na m iliyosimama kama askari wa gwaride.

"Nakuja," nikamwambia. "Nitairudisha ilivyokuwa."

Nilifunga vifaa vyangu katika kile kitambaa cha turubai mnachokijua. Nikachukua na daftari la kazi. Mashine ikija kwangu, kabla sijaigusa, huandika nayo mstari mmoja kwenye kipande cha karatasi, nakibandika daftarini, na aliyeileta anatia sahihi chini yake. Nikimaliza, naandika mstari wa pili, na anayeichukua anatia sahihi tena. Nilianza hivyo baada ya mteja mmoja kudai nimemharibia herufi ambayo haikuwahi kufanya kazi. Daftari nililibeba ili nione m iliinama kiasi gani, niikunje kiasi hicho hicho. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Eldoret hadi Timboroa

Alhamisi asubuhi niliondoka nyumbani, mtaa wa West Indies, kukiwa na jua zuri, nikapata kiti cha dirishani kwenye basi. Kando yangu alikaa Mama Halima, Msomali anayeuza vitambaa mjini kwetu, ambaye nilikuwa nikimjua kwa sura tu. Alikuwa anakwenda Nairobi kununua mali.

Timboroa tukasimama. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, na lori la mbao lilikuwa limelala ubavu mbele yetu, limefunga njia zote mbili. Hakuna aliyeumia, lakini mbao zilitapakaa kama njiti za kiberiti. Tulikaa hapo saa nne na dakika kumi. Baridi ya Timboroa haina heshima. Inaingia kupitia vifungo vya koti. Watu wakashuka, wakanunua viazi vya kuchoma, wakarudi wakipuliza vidole.

"Mzee, unaangalia hiyo saa kama mgonjwa anayengoja dawa," Mama Halima akaniambia. "Unachelewa harusi?"

"Nachelewa kazi. Kuna mashine natakiwa kurekebisha."

"Cherehani?"

"Taipureta."

"Bado ziko?" Alicheka, akafungua mkebe akanipa nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta. Akamimina na chai ya maziwa ya ngamia. Ni chakula kinachomfanya mtu aseme, nami nikasema yote.

"Herufi moja tu?" akauliza.

"Moja."

"Na nyumba iende?"

"Inaweza kwenda."

"Wallahi nyinyi watu wa vitabu! Sasa si uwaambie tu, mimi ndiye nilinyoosha?"

"Nani ataniamini, Mama? Mimi nimeitwa na upande mmoja."

Akanimiminia chai nyingine. "Na ukiikunja tena kabla ya kikao, huko si kudanganya?"

Nikamjibu kwamba kurudisha kitu kilivyokuwa si kudanganya. Jibu lilikuwa tayari mdomoni, lakini halikunitosha mimi mwenyewe. Yeye akafunika mkebe wake.

"Haya," akasema. "Mimi nauza vitambaa."

Lori lilipovutwa pembeni, abiria walipiga makofi. Nilifika Nairobi nimechoka, nikalala, na hapo hakuna la kusimulia.

Kwenye lango la stesheni

Ijumaa asubuhi nilikuwa na tiketi ya treni ya kwenda Voi na muda wa kutosha. Pale stesheni mizigo hupangwa chini kwa mstari, mbwa wanapita wakinusa, kisha inaingia kwenye mashine ya kuangalia. Mbwa aliupita mzigo wangu, akarudi, akakaa chini kando yake, akaniangalia.

Askari wa kike akafungua turubai. Mkasi mwembamba, makoleo matatu, ndoano za springi, bisibisi kumi na moja, vioo viwili vya mkono.

"Mzee, wewe ni daktari wa meno?"

"Hapana, madam. Ni fundi wa taipureta."

"Na hii chupa inanuka petroli?"

"Ni ya kuoshea herufi."

Akamgeukia mwenzake. "Skia, huyu anaosha herufi." Mwenzake akaja kutazama, na watu wawili waliokuwa nyuma yangu pia. Nilieleza kwa utaratibu kila kifaa na kazi yake, jambo ambalo sasa naona lilikuwa kosa, maana kila nilivyoeleza vilizidi kuonekana vya hatari.

"Mzee wangu, hizi haziingii," akasema mwishowe, na alisema kwa upole. "Vyuma vya makali na petroli, hapana. Uko na dakika ishirini. Tafuta mtu akuwekee."

Sikuwa na mtu Nairobi. Nje ya lango kuna mama anayeuza chai na maandazi chini ya mwavuli, Mama Nzisa, nilijua jina kwa sababu wateja walikuwa wakimwita hivyo. Nikamwekea turubai mbele yake.

"Mama, nakuomba uniwekee hii mpaka Jumapili."

"Na usiporudi?"

"Zitakuwa zako."

Akafunua pembe moja, akafunika. "Nifanye nazo nini, ning'oe watu meno?"

Aliziingiza ndani ya ndoo ya unga, chini ya meza. Miaka ishirini na tatu ya kukusanya vifaa, baadhi nilivichonga mwenyewe, nikaviacha kwa mtu niliyemjua kwa dakika nne. Nilikimbia nikaingia treni, mkononi nina daftari peke yake.

Ndani ya treni

Safari yenyewe ilikuwa nzuri kwa wengine. Baada ya Mtito Andei abiria wote walihamia upande mmoja kutazama ndovu wekundu kwa vumbi la udongo wa huko. Mimi nilibaki kwenye kiti changu nikihesabu maduka ya vifaa ninayoweza kupata Voi. Tatizo ni kwamba koleo la kawaida, la fundi bomba, halifai. Chuma cha herufi kikibanwa vibaya kinavunjika shingo, na hakuna kingine cha kukibadilisha. Nilifikia uamuzi kwamba kwenda na koleo baya ni kubaya kuliko kwenda mikono mitupu. Kwa hiyo nilikwenda mikono mitupu, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano nilijiuliza ninakwenda kufanya nini hasa. Jibu pekee lililobaki lilikuwa lile la Mama Halima: niwaambie tu kwamba ni mimi.

Voi hadi Wundanyi

Tulishuka Voi saa saba na robo. Magari madogo ya Wundanyi huondoka yakijaa, na nililolikuta lilikuwa na abiria wawili. Nikamuuliza dereva atangoja muda gani. Aliangalia koti langu jeusi, akaangalia daftari kubwa nililokumbatia.

"Unaenda kwa Mwalimu? Kwa kile kikao?"

"Ndiyo, lakini..."

"Wakili, keti mbele!" Akawasha gari.

"Mimi si wakili. Ni fundi."

"Sawa, fundi," akasema, akanikonyeza.

Tuliondoka na viti viwili vitupu, jambo ambalo abiria wa nyuma walisema halijawahi kutokea. Tukapita mashamba ya katani ya Mwatate, kisha barabara ikaanza kupanda kwa kona, na hewa ikabadilika ikawa kama ya kwetu. Njiani alisimama mara mbili kuwaambia watu dirishani, "Nimemleta wakili!" Mara zote mbili nilikanusha. Abiria mmoja, mama mwenye kikapu cha kabichi, aliniinamia sikioni: "Usijali, baba. Hata sisi hatutasema."

Dereva alikataa kabisa kunishusha mjini, akanifikisha mpaka mlangoni. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika tisa.

Nyumbani kwa Mwalimu

Nyumba ni ya mawe, bati lake limepakwa rangi nyekundu iliyopauka, na baraza yake inatazama bonde lenye matuta ya mboga mpaka chini mtoni. Mlangoni ziko gamubuti zake, na kibao kilichoandikwa kwa mkono: "Gamubuti za Mwalimu. Usivae." Chumba cha kuandikia nilikuwa nimekiwaza miaka mingi, na nilikuwa nimekosea. Meza haiko dirishani. Inatazama ukuta mtupu. Baadaye Mghoi aliniambia kwamba kiti cha dirishani baba yake alikiachia wageni.

Mghoi ni mwanamke wa hamsini na kitu, mdogo wa mwili, mwenye kilemba cha kijani. Aliponishika mkono alitazama nyuma yangu.

"Vifaa viko wapi?"

"Viko Nairobi. Ndani ya ndoo ya unga."

Alifumba macho. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Watu kama ishirini walikuwa wamekaa barazani. Mwenyekiti alikuwa Mama Wakesho, mzee wa ukoo aliyestaafu kazi ya kupiga chapa mahakamani. Pande zote mbili zilimchagua kwa kuwa anajua mashine. Alivaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Aliweka karatasi kwenye mashine ya Mwalimu iliyokuwa mezani mbele yake, akaandika mstari mmoja bila kutazama vidole, akauweka kando ya barua.

Akapitisha kidole juu ya mstari, kisha juu ya barua.

"Herufi ni za aina moja," akasema. "Lakini m ya barua imeinama. Ya mashine hii imenyooka."

"Si nilisema?" akasema mtu mmoja kutoka mwisho wa benchi. "Nilisema ama sikusema? Baba mkubwa hakuandika hiyo barua."

Niligeuka kumtazama huyo binamu. Mrefu, pengo la jino la mbele. Alikuwa yule dereva aliyeniletea mashine kwenye blanketi.

Nikasimama. Nikajitaja jina, nikasema ninakotoka, kisha nikasema kwamba m niliinyoosha mimi, kwa hiari yangu, bila kuagizwa, na kwamba nilikuja nikiwa na nia ya kuikunja tena. Hilo la mwisho sikulazimika kulisema. Watu wakanong'ona. Mghoi aliinamisha kichwa.

"Huyu ameletwa na Mghoi," akasema binamu. "Atasema chochote."

"Sitaki niaminiwe kwa maneno," nikamjibu. Nikafungua daftari ukurasa wa sitini na moja, nikampa Mama Wakesho.

Aliinamia ule ukurasa akiwa na miwani yake yote miwili. Mstari wa kwanza, ule wa kabla ya kazi: herufi zimeachana ovyo, kwa kuwa kamba ilikuwa imekatika na nilisukuma karatasi kwa mkono, na kila m imeinama kushoto na kupanda juu. Mstari wa pili, baada ya kazi: safi, m imenyooka. Alizipima kwa rula na zile za barua, moja moja. Hakuwa na haraka. Mahali fulani chini bondeni mtu alikuwa akikata kuni.

"Ni zile zile," akasema.

"Hata mimi naweza kuandika daftari kama hilo," akasema binamu. "Jana tu angeweza kuliandika."

"Hebu njoo usome hapa chini," Mama Wakesho akamwambia.

Akaja. Akasoma. Chini ya mstari wa kwanza palikuwa na jina na sahihi yake: Mwakio. Na chini ya wa pili, tena Mwakio, siku aliyokuja kuichukua.

"Ni mkono wako?"

Alisoma mara ya pili, akijikuna shingo. "Ni wangu," akasema. "Huyu mzee alinilazimisha kusaini kama mtu anayechukua pasipoti. Nikamwambia mahindi yanangoja. Akasema na yangoje." Akanitazama. "Si ni kweli, Fundi?"

"Ni kweli."

Mtu akacheka, kisha wengi wakacheka.

Mama Wakesho alitulia mpaka wakamaliza. Akaeleza, akiwahesabia kwa vidole. Barua ina m zilizoinama, kwa hiyo iliandikwa kabla fundi hajainyoosha. Nafasi za herufi zake ni sawasawa, kwa hiyo iliandikwa kabla kamba haijakatika. Kamba ilikatika wiki Mwalimu alipolazwa.

"Hilo la kamba unalijua, Mwakio?"

"Nalijua. Nilikuwepo. Baba mkubwa alinituma nimwitie fundi, nikasema kesho." Aliketi kwenye ngazi ya baraza. Akasema, si kwa Mama Wakesho bali kwa binamu yake, "Mghoi, basi ni yeye aliandika."

"Ni yeye," Mghoi akasema, na ndipo akalia.

Nami nilikaa chini. Nilikuwa nimeanza kuelewa. Kama ningefika na koleo langu, ningeikunja ile m kabla ya kikao. Ingefanana na ya barua, na siku yoyote mbeleni mtu angeweza kusema barua ilichapwa juzi kwa mashine hiyo hiyo, nayo kamba ni mpya. Mbwa wa stesheni alikuwa amefanya kazi nzuri kuliko yangu.

Tulikula kimanga, mihogo iliyopondwa pamoja na maharagwe, na Mwakio alikaa karibu nami akaniongezea sahani mara mbili bila kuniuliza.

"Ulikuja kwa gari la nani?" aliuliza. "Nilisikia kuna wakili amefika."

Kurudi

Nililala pale Ijumaa na Jumamosi. Jumamosi Mghoi alinikalisha kwenye kiti cha wageni cha dirishani, nikasoma siku nzima. Siwezi kueleza wepesi niliokuwa nao, ila kwamba nilisoma kurasa mia moja na arubaini na sikuangalia saa.

Aliniuliza kama siku moja ningerudi kuikunja m, ili wageni waione ilivyokuwa. Nikamwambia aiache. Badala yake aliniomba daftari. Ilinichukua muda kukubali, maana lina kazi zangu za miaka sita. Sasa liko chini ya kioo kando ya mashine, limefunguliwa ukurasa wa sitini na moja, na kibao chake kinasema: "Daftari la fundi wa Eldoret. Usiguse."

Jumapili Mama Nzisa alikuwa mahali pake chini ya mwavuli. Alinipa turubai likiwa limefungwa kwa kamba ya aproni na limejaa unga. Nikahesabu: hakuna kilichopungua. Bisibisi ndogo kuliko zote ilikuwa imetumika.

"Nilikaza miwani," akasema. "Ulitaka nisione?"

Nilinunua maandazi sita na kula yote.

Jumatatu nilifungua duka. Mteja wa kwanza alikuwa yule mzee anayewaandikia watu barua nje ya mahakama. Alileta mashine yake, ambayo herufi e yake inaangukia chini ya mstari tangu nimjue. Nilianza daftari jipya, nikaandika mstari, nikaubandika, akatia sahihi. Halafu nikamuuliza, kwa uangalifu wote, kama e hiyo angependa niiache ilivyo.

Alinitazama kama mtu anayejiuliza niliko­kwenda kumenifanya nini.

"Fundi," akasema, "kwani nimekuja hapa kunywa chai? Nyoosha!"

Nikachukua koleo.